Asubuhi Uliyokimbia Bila Kitambaa

Kijijini Mapera, kabla hujarudi

Mwanangu Fanesi,

Umetoka kukimbia na kitambaa umekiacha hapa mezani, karibu na kikombe chako. Nimekiona wakati mlango umeshafungwa. Nimetoka kukuita, ukungu umeshakumeza, na sauti yangu unaijua, haifiki hata kwenye mibuni. Basi nimerudi ndani, nimekaa, na badala ya kukunja nguo zako nimeshika kalamu.

Mambo ya safari siandiki. Dawa ya malaria, mahali pa kuficha fedha, usile samaki wa kukaanga pale Mbamba Bay kabla ya kupanda meli: hayo Bibi yako ameyasema tangu Jumatatu, mpaka wewe ukawa unamsaidia kumalizia sentensi. Kesho asubuhi lori la maharage litakushusha ziwani, meli itakuvusha, na mama yako mdogo atakupokea ng'ambo. Mimi nina jambo moja tu, lile uliloniuliza Jumapili tukitoka kanisani.

Uliniuliza, "Mama, wewe ulibadilisha uraia. Mimi nikibadilisha, kosa liko wapi?"

Nikaendelea kutembea, nikakuonyesha hata dimbwi la kukwepa. Ukadhani nimekasirika, na tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wapangaji. Sikukasirika, Fanesi. Nilikuwa natafuta maneno, na unajua ninavyotafuta maneno: natafuta mpaka mwenzangu amefika nyumbani. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kinyanja na Kiingereza, na hii ninayokuandikia si mojawapo. Hii niliiokota hapa hapa, jikoni kwa Bibi yako, kwa kuombwa chumvi na kutumwa kufukuza mbuzi. Na swali lako limenikuta mtupu katika zote tatu.

Najua yaliyoko mbele yako. Mama mdogo amesema nafasi ya uuguzi ipo, ada inalipwa na serikali yao, ila ni kwa raia. Amesema njia ipo kwa kuwa mimi nilizaliwa kule, na bibi yako wa kule pia. Na nchi zote mbili hazitaki mtu wa kotekote. Ukila kiapo huko, huku umetoka. Umeshakuwa mtu mzima, ruhusa yangu huihitaji. Lakini nadhani una haki ya kujua mimi niliingiaje na nilitokaje, maana nilikueleza nusu nusu, kila nusu kwa siku yake, na nyingine uliisikia kwa watoto wenzako shuleni.

Lazima nianzie kwenye kukimbia. Kwangu mambo haya mawili hayajawahi kutengana.

Baba yako alikuja kijijini kwetu kununua dagaa, akarudi mara nyingi kuliko biashara ya dagaa ilivyohitaji. Mimi nilikuwa msichana ambaye darasani najua jibu na siinui mkono. Yeye hakuhitaji niongee, alikuwa anaongea maneno ya kututosha wote wawili, Kinyanja kibovu cha bandarini. Nikaolewa, nikaletwa huku juu kwenye baridi, Mwanglikana wa ziwani katikati ya Wamatengo Wakatoliki. Mwaka wa kwanza sikusema kitu zaidi ya shikamoo. Bibi yako aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameoa bubu mwenye meno mazuri. Aliniambia mwenyewe baadaye, anacheka, na mimi nikacheka kidogo.

Ulipozaliwa nikaanza kuumwa kichwa na kuvimba miguu. Sista wa zahanati akanipima, akasema ni presha, nitembee kwa haraka kila siku, nikiweza nikimbie. Wenzangu kulima kuliwatosha. Mimi kwenye ngolo, yale mashimo ya mashambani ambayo mtoto wa hapa anayachimba amefumba macho, nilikuwa bado naparua nyasi za shimo moja wanawake wengine wameshapanda mlima. Basi asubuhi moja nikajifunga kanga vizuri, nikaingia barabara ya kwenda Mbinga mjini, nikakimbia.

Hakuna aliyenieleza kwamba huku mtu mzima hakimbii barabarani alfajiri ila kama anapeleka habari ya msiba. Kwetu ziwani tulikuwa tunapelekeana habari kwa mtumbwi, sikuwa na namna ya kujua. Na mimi kwa haya zangu sikutazama nyuma. Nilipofika darajani na kugeuka, nikakuta nusu ya kitongoji imenifuata. Wanawake wamejifunga viunoni, wazee wameshika kofia mkononi. Mzee Gaudensi, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa mbele. Akaniuliza kwa upole sana, kama mtu anayegusa kidonda.

"Nani?"

Sikujua ananiuliza nini wala nijibu nini. Neno presha lilinitoka kichwani. Nikashika tumbo. Wanawake wakatazamana, wakanishika mikono, wakanirudisha nyumbani wakidhani mimba imeharibika. Huko nyumbani Bibi yako alikuwa ameshaanza kulia, kwa sauti yote, bila kujua anamlilia nani. Baba yako alipopata maelezo alicheka mpaka akalala chini kwenye vumbi. Halafu akanawa uso, akaenda kwa Babu yako kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kukata maneno, akawaeleza kwamba mkewe anakimbia kwa sababu ya afya. Wakamwuliza kama kuna dawa nyingine. Akasema hakuna.

Wakanizoea. Watoto walinifuata mwezi mzima, wakachoka. Nikaanza kufundisha Kiingereza shule ya msingi, wakawa wananiita Mwalimu. Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imeanza kufika Mbinga mjini, na baba yako akaniletea raba za bluu za mtu fulani wa mbali mwenye mguu mrefu, nikajaza vitambaa mbele. Nilikuwa napita na watu hawainui macho. Mama Otmari, jirani yetu, alikuwa anafagia uwanja wake na ufagio haukusimama. Hilo lilinifurahisha kuliko raba. Nilidhani kutotazamwa ndiyo kuwa mwenyeji.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikaa ndani ya kosa hilo miaka.

Nimesimama dirishani kidogo. Hujaonekana. Kwa mwendo wako sasa hivi utakuwa umeshapita kwa Mama Otmari, na mkono wako mtupu.

Ya baba yako unayajua kwa namna yanavyosimuliwa. Mimi nakueleza namna yalivyokuwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuja, naye alitaka kujenga stoo yake mwenyewe, akawa anakata mkaratusi kule bondeni. Mimi nilikuwa nimetoka kukimbia, raba bado miguuni, nikampelekea chai. Nikakuta mti umegeuka. Ulikuwa umemlalia kuanzia kiunoni. Alikuwa anaongea, hata uso wake ulikuwa wa kawaida, na ndiyo maana mpaka leo sura hiyo inanisumbua.

Akasema, "Kaite watu. Usihangaike, nipo."

Nikakimbia. Mama Otmari alikuwa anaanika kahawa. Akaniona, akanipungia mkono, akasema, "Mwalimu, leo mara mbili? Utaisha." Nikampita. Kwenye mashine ya kukoboa kulikuwa na wanaume, wenye nguvu, wenye mapanga na kamba. Mmoja akasema kaza, Mwalimu, wakacheka vizuri tu, kicheko cha watu wanaokupenda. Nikawapita na hao.

Kinywa changu kilikuwa wazi, Fanesi. Nakumbuka baridi kwenye meno. Na unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nachagua maneno. Nilikuwa najiuliza nitasema mti umemwangukia au mti umemlalia, na kama nikisema vibaya watanielewa vingine, kama siku ile ya tumbo. Nilikuwa nachagua Kiswahili huku mume wangu yuko chini ya mti. Yowe halina lugha, mwanangu. Mtoto mchanga analijua. Mimi nilisubiri mpaka nimefika uani kwa Babu yako, nikamshika mkono, nikamvuta, ndipo akaelewa.

Waliuinua mti. Walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, wanapokezana, wengine wanalia huku wamebeba. Alikaa siku chache, akafa. Mganga wa hospitali aliniambia tungewahi au tusingewahi yangekuwa yale yale. Sijamwamini na sijambishia. Nimeiweka hiyo kauli kama mtu anavyoweka kitu ambacho hajui kama kitafaa.

Kwenye maziko Mama Otmari hakunitazama. Wale wa kwenye mashine pia. Nilidhani wananilaumu. Walikuwa wanajilaumu wao, na mimi kwa kunyamaza kwangu niliwaacha wajilaumu mpaka matanga yalipoanuliwa.

Baada ya matanga Babu yako aliniita kwenye sengu. Mwanamke hakai pale, unajua. Nilikaa pembeni kwenye ngozi, macho chini. Nikadhani wataniambia nirudi kwetu, mimi na wewe au mimi bila wewe, maana nilikuwa mjane, mgeni, na shamba ni la ukoo. Babu akasema jambo lenyewe amelileta Mama Otmari. Akaitwa. Akaja na kipande cha kanga yake nyekundu, amekikata na kukipinda pindo. Akanifunga mkononi, juu ya kiwiko, akavuta fundo kwa meno.

Akasema, "Ukiwa nacho hiki, tunajua unapunguza tumbo. Usipokuwa nacho, tunakuja. Hata usiposema. Sawa?"

Babu akasema sawa, na wanaume wote wakasema sawa, ikapita, wakaendelea na habari ya mbolea. Hicho ndicho kitambaa kilichopo hapa mezani, nilichokufunga wewe ulipoanza kukimbia badala yangu.

Miaka miwili baadaye mwalimu mkuu akaniambia, kwa unyenyekevu, kwamba mtu asiye raia hawezi kuendelea kufundisha bila kibali, na kibali ni gharama, na kila mwaka ni gharama mpya. Nikaomba uraia. Usidhani nililia usiku au niliimba. Nilikuwa na mtoto na kazi. Watu wakaitwa kuulizwa kama wananijua. Akaja ofisa kutoka Songea, kijana mwenye viatu vizuri, akakaa kwa balozi siku nzima akihoji. Akaniuliza rangi za bendera zina maana gani, nikajibu vizuri, kwa kunong'ona. Halafu akafunua karatasi zake, akasema kuna mtu ametoa taarifa kwamba mimi kila alfajiri nakimbia barabarani. Huku ni karibu na mpaka, akasema. Nakimbia kwenda wapi?

Nikasema, "Nakwenda na kurudi."

Akaandika. Nikaona kwa namna alivyoandika kwamba mambo yanaharibika. Akamgeukia Mzee Gaudensi, akamwuliza, mzee, katika hali hii utasema huyu ni mwenzenu au ni mgeni?

Mzee Gaudensi alikuwa anasaga ugoro. Hakuharakisha.

"Afande, mgeni akikimbia, sisi tunauliza kwanza. Huyu akikimbia bila kitambaa, hatuulizi. Tunatoka."

Ofisa hakuelewa, ikabidi aelezwe habari ya kitambaa tangu mwanzo, na wa kueleza walikuwa wengi, kila mmoja na kipande chake, mpaka wakafika kwenye mti. Ofisa akafunga karatasi zake. Kiapo nilikula Songea mbele ya hakimu, nikarudi na lori la mbolea, nikapika maharage. Hukumbuki kwa sababu hakukuwa na cha kukumbuka.

Hiyo ni nusu ya kuingia. Ya kutoka sijawahi kukueleza hata wewe.

Unakumbuka bibi yako wa kule alipofariki, nikakuacha hapa nikavuka peke yangu. Nilifika ufukwe wetu wenyewe, mawe yale yale niliyofulia nikiwa mtoto. Paliwekwa meza chini ya turubai, na kijana amekaa na mhuri. Akaniuliza nimekuja kwa shughuli gani. Nikamjibu kwa Kinyanja, nimekuja kumzika mama. Akatazama pasi yangu, akatazama uso wangu, akanisifu. Alisema kwa mgeni Kinyanja changu ni kizuri sana. Alimaanisha wema. Akaniuliza nitakaa siku ngapi.

Nikataja siku. Mtu anaulizwa siku ngapi kwa mama yake, anataja.

Nilipofika nyumbani walikuwa wameshazika, meli ilichelewa, hilo silaumu mtu. Lakini nilishuka na begi, gauni la huku na pasi ya huku, na wale vijana waliopangwa kuhudumia hawakunijua. Wakaniweka kwenye mkeka wa wageni wa mbali. Kule kama huku, msibani wageni wanakula kwanza na wenye msiba wako jikoni. Msichana akaja na beseni na jagi, akapiga goti, akaninawisha. Nikamwona mama yako mdogo kwa mbali, amejaa majivu mpaka kwenye kope, anasonga ugali wa maziko ya mama yetu, ananitazama. Alikuwa anasubiri niinuke.

Nilipaswa kuinuka. Ilikuwa hatua chache tu, niende nimnyang'anye mwiko. Ningesema mimi ni mtoto wa marehemu, maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayaweza. Lakini watu walikuwa wengi, na yule binti alikuwa ameshamimina maji, na mimi nikaona haya kumkatiza.

Nilinawa, Fanesi. Nikala. Nilikula chakula cha wageni kwenye msiba wa mama yangu, na kilikuwa kitamu, na nikamaliza.

Ndiyo maana mama yako mdogo barua zake kwangu ni fupi na kwako ni ndefu. Ndiyo maana anakutaka sana. Sioni vibaya. Nadhani anataka mmoja wetu arudi jikoni.

Sasa utaona kwa nini Jumapili nilikuonyesha dimbwi. Ulichouliza ni kuhusu kiapo, na kiapo hakikunifanya lolote. Hakimu hakunipa Mapera na yule kijana wa mhuri hakuninyang'anya mama. Barabarani na msibani, mara zote mbili nilikuwa na kinywa, sikukitumia. Siwezi kukuambia chukua au acha. Nikikuambia acha, nitakuwa nakunyima shule ambayo mimi siwezi kukulipia. Nikikuambia chukua, Bibi yako atasema nimekutuma kwetu kwa mlango wa nyuma, na labda kuna ukweli. Ninachoweza kukuambia ni kimoja, na kinanihusu mimi. Siku nikifa, ukaja kutoka ng'ambo na begi lako na pasi ya kwao, mtu asiyekujua akakuletea beseni, usinawe. Mwambie wewe ni nani, kwa sauti, na uende jikoni. Mama Otmari atakuwa huko kama bado yu hai, na kama hayupo, wakwe zake watakuwepo. Usile kwanza. Nakuomba hilo tu

Nimesikia kitu. Subiri.

*

Nimerudi.

Nilikuwa nimesikia jembe linawekwa chini. Halafu jingine. Nikafungua mlango nikakuta uwanja umejaa. Mama Otmari alikuwa mbele, na ndala mguu mmoja tu, anahema, kanga imefungwa kiunoni. Wanaume wa kwenye mashine, wamezeeka, na kamba begani. Watoto na sare za shule. Wametoka kwenye ukungu mmoja mmoja na wengine bado walikuwa wanakuja. Nyuma kabisa Mzee Gaudensi na fimbo yake, ameshikwa na mjukuu, kofia mkononi.

Walikuwa wamekuona unapita bila kitambaa, mkono mtupu, umekaza mbio. Hawakukuuliza. Walitoka, wakaja hapa ulikotokea.

Bibi yako akatoka chumbani, akaona watu, akaweka mikono kichwani tayari kuanza. Mzee Gaudensi akaja mpaka mbele yangu.

"Nani?" akaniuliza, kwa sauti ile ile.

Macho yote hayo, Fanesi. Nikamwona Mama Otmari anautazama mdomo wangu, ameukodolea macho, kama mtu anayesubiri maji yachemke, na nikajua anaona siku ile alipokuwa anaanika kahawa. Nikapiga kelele. Sikusema, nilipiga kelele, mbuzi wakashtuka.

"Hakuna aliyekufa. Mwanangu anaondoka kesho, na mimi sijui kama atarudi wetu au mgeni."

Nikaeleza yote. Uuguzi, uraia, kiapo, Jumapili. Nilisema vibaya, nilichanganya, mahali pengine nilitia Kinyanja, na hakuna aliyeshindwa kuelewa. Nilipomaliza Mama Otmari alikaa chini hapo hapo kwenye udongo, akashika kifua mpaka pumzi ikarudi.

"Mngesema tu," akasema. "Mimi nimeacha maharage motoni."

Ndipo watu wakacheka, na Bibi akashusha mikono, akaonekana amekatishwa tamaa kidogo. Mzee Gaudensi hakucheka. Alikuwa bado anafikiri. Akaniuliza, huko aendako wanajua kwamba huyu mtoto anakimbia?

Nikasema bado.

"Basi afike awaambie mapema. Wasije wakamlilia bure."

Hapo ukaingia wewe, umelowa jasho na ukungu, ukasimama kwenye mibuni ukatazama ule umati. Nilitaka kukugombeza. Ukanipita, ukaingia jikoni kunywa maji, nikakufuata, na bila kugeuka ukaniambia kwamba hukukisahau. Ulisema ulitaka uone kama watatoka.

Nikakujibu, na nashukuru nilijibu papo hapo, bila kutafuta. Nilisema wametoka. Nilisema hata mimi ningetoka.

Sasa uko nje. Nakusikia unasalimia, shikamoo moja baada ya nyingine, na Mama Otmari anakugombeza kwa ajili ya ndala yake iliyobaki njiani. Kuna mtu ameleta kuku. Sikukuuliza umeamua nini na sitakuuliza. Ukijua, utaniandikia, na ukichelewa kujua, niandikie hivyo hivyo. Kitambaa nimekitia kwenye begi lako, juu, si chini. Kule hakina maana yoyote mpaka utakapokipa, na itabidi ukieleze kwa mdomo wako, kwa watu wengi, pengine mara nyingi. Hiyo kazi mimi sikuifanya. Ilifanywa na jirani.

Kesho lori likishapita darajani, ukisikia mtu anapiga kelele nyuma, mwambie dereva asisimame, utachelewa meli. Nitakuwa mimi, na hizi raba za bluu. Sitakuwa na kitambaa, maana unacho wewe. Watu watanifuata, waache wanifuate. Nitakuwa naita jina lako.

Mama yako